Mbwa Aliyekuja kwa Kahawa

Aukje alikuta manyoya meusi sakafuni na meza imelowa. Hakuinama kunusa. Mtu aliyenyoa mbwa tangu alipomaliza shule huujua mkojo wa woga akiwa bado mlangoni. Una ukali wake, humfikia puani kabla ya harufu ya sabuni.

“Nani alikuwa hapa?” aliuliza, koti bado mwilini.

Marloes alikuwa anafagia. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa, mzaliwa wa Limburg, kusini kabisa mwa Uholanzi, na aliajiriwa baada ya mazishi kwa sababu saluni yenye meza mbili haiendeshwi na mtu mmoja.

“Yule mzee wa darajani,” alisema. “Kaleta mtoto wa pudeli. Mkorofi yule mbwa, sijapata kuona. Lakini nimemmaliza. Uso, miguu, mkia. Katoka hapa kama bwana harusi.”

“Umemnyoa.”

“Sasa nimfanye nini? Si ndiyo kazi?”

“Umemfunga?”

“Mkanda wa shingo na wa tumbo. Angeruka, dada. Angevunjika miguu.”

“Na mashine ya upepo?”

Marloes aliacha kufagia. “Aukje, mbwa alikuwa amelowa. Ningemkausha na nini, na mdomo?”

Aukje alivua koti, akalitundika, likaanguka, akaliacha pale pale chini. Alikuwa ametoka Sneek, mji wa jirani, kuchagua jiwe la kaburi la dada yake. Kazi hiyo ilikuwa ya Durk, mume wa marehemu. Lakini Durk alisema hawezi, ana zamu darajani ya kufungulia mashua, basi Aukje akaenda peke yake, akasimama katikati ya mawe ya kijivu na mengine ya kijivu zaidi huku muuzaji akimweleza lipi halishiki ukungu. Kumbe zamu yenyewe ilikuwa na nafasi ya kuleta mbwa.

“Alisemaje alipomleta?”

“Hakusema. Yule mzee husema? Alinipa kamba, akasema ‘kahawa’, akatoka. Nikamwambia sawa, baba, kanywe taratibu, ukirudi utamkuta tayari.”

Aukje alikaa kwenye benchi la dirishani. Aliona hasira ikimpanda kutoka miguuni, polepole, kama maji yanavyojaza buti.

Katika saluni ile kahawa haikuwa kahawa. Dada yake, Hiske, ndiye aliyelianzisha neno hilo zamani, walipolichukua duka lililokuwa la mwoka mikate na kuweka meza zao mahali pa tanuri. Mtoto wa mbwa akiletwa mara ya kwanza, mkasi haumgusi. Mwenye mbwa hukaa kwenye benchi na kikombe na biskuti moja, na kopo la biskuti hufungwa kama linavyofungwa katika kila nyumba ya kule kaskazini mwa Uholanzi. Mtoto huachwa anuse sakafu, anuse ndoo, anuse viatu. Kisha hupandishwa mezani juu ya mpira usioteleza, akapewa kipande cha jibini, akateremshwa. Basi. Amekunywa kahawa yake, arudi kwao. Akija tena anashikwa mguu mmoja na kuachiwa. Akija tena mashine ya kunyolea iko kando yake, imezimwa, ailambe akitaka. Baadaye inawashwa ikiwa imeviringishwa taulo, inanguruma mbali kama nyuki wa jirani. Siku anapokatwa unywele wa kwanza juu ya macho, mbwa mwenyewe hajui kama kuna jambo limetokea.

“Mwachie kabla hajaomba,” Hiske alikuwa akisema kuhusu mguu. Aliushika kwa vidole viwili, na mtoto hajawaza kuuvuta, yeye keshauachia. Ndiyo maana mbwa wa kijiji kizima walimletea miguu wenyewe. Watu walikutana kwenye baiskeli wakaulizana, “Wa kwenu keshakunywa kahawa?” na mgeni aliyesikia alidhani wamerukwa na akili.

“Yule mbwa alikuja kwa kahawa,” Aukje alisema.

“Mbwa?”

“Mbwa.”

Akamweleza. Hakumweleza vizuri, alimweleza kama mtu anayetupa vyombo kwenye sinki. Akamwambia pia yule hakuwa mtoto wa pudeli tu. Hiske alimwekea oda kwa mfugaji wa mkoa wa Drenthe kabla ugonjwa haujajulikana, akampa na jina, Wiebe, kabla mama yake hajashika mimba. Amezaliwa Hiske akiwa ameshazikwa. Na pudeli hanyolewi mara moja yakaisha. Manyoya yake hayaachi kukua mpaka afe. Yakiachwa hushikana kama zulia na kuivuta ngozi mpaka kutembea kunamuuma. Maisha yake yote atapanda meza. Akiiogopa, maisha yake yote ataiogopa, au apigwe sindano ya usingizi kila anaponyolewa.

“Nenda nyumbani,” alimalizia.

“Leo?”

“Leo. Na kesho. Nitakupigia.”

Marloes aliegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu mkubwa, na Aukje akaelewa kwamba si yeye peke yake aliyekasirika.

“Nitakwenda. Ila nikuulize, dada Aukje, nani aliniambia? Kwetu mtu akija kwa kahawa anakatiwa keki mpaka ashindwe kupumua, halafu anabaki mpaka chakula cha jioni. Hapa mnampa biskuti moja, mnafunga kopo, na kopo likifungwa mtu anatakiwa ajue aondoke. Hilo nalo hakuna aliyeniambia. Nilikaa kwako mpaka ukaanza kupiga deki miguuni kwangu. Mnasema nusu ya neno, nusu nyingine mnaificha mfukoni, halafu mtu akikosea mnamtazama kama mwizi.” Alichukua mkoba wake. “Mbwa amenililia pale mezani, na mimi nimeumia. Usidhani mimi ni jiwe.”

Mlango ulifungwa. Aukje alibaki na hasira zaidi. Aliisugua meza, akatupa maji, akaisugua tena. Juu ya sinki vikombe vilining'inia kwenye misumari yake, na kimoja, chenye mpini uliogundishwa, hakikuwa kimeshushwa tangu msimu uliopita.

Durk alipiga simu yeye mwenyewe. Hakuwa na kawaida ya kupiga simu.

“Mbwa yuko chini ya benchi hapa darajani,” alisema. “Hatoki. Nimemsogelea na kitana, kaning'ata.”

“Ulimwacha peke yake.”

“Jumamosi namrudisha Drenthe. Nimeshaongea na mfugaji, kakubali. Nimeona nikuambie.”

Akakata.

Aukje alipanda baiskeli. Upepo ulikuwa wa mbele, kama kawaida ya upepo wa kule ukiwa na haraka, na njia nzima alikuwa akiongea peke yake. Aliongea na Durk, na Marloes, na daktari aliyesema “tutaona”, na majirani waliokuja nyumba ya msiba wakala keki na kusifu keki. Aliongea na Hiske pia, maneno ambayo hayafai kuambiwa marehemu. Umeniachia meza mbili na mwanamume bubu. Nani anaondoka hivyo?

Kibanda cha daraja kilikuwa ukingoni mwa mfereji, vioo pande zote, kama chumba cha kuonyeshea samaki. Durk alikuwa ndani, kofia kichwani, mikono juu ya vitufe. Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza na mashua za tanga zilipita tangu asubuhi. Chini ya benchi Aukje aliona kitu cheusi na macho mawili. Uso ulikuwa mtupu, pua ndefu, masikio yamelala. Kazi ilikuwa safi kabisa, haina mkwaruzo hata mmoja, na hilo nalo lilimuudhi.

“Wiebe,” aliita.

Macho yalirudi nyuma.

“Humrudishi popote, shemeji,” alisema, bado anahema.

“Hanifai. Na mimi simfai. Mbwa wa sarakasi, nilisema tangu mwanzo. Nilimwambia Hiske, tuchukue mbwa wa kawaida, wa kunawishwa kwa ndoo.”

“Umemtupa kwangu kama mzigo. Unajua kahawa ni nini. Marloes hajui, wewe unajua. Umekaa kwenye benchi lile miaka na mbwa wa watu, ukisinzia. Unajua mwenye mbwa haondoki. Mtoto akigeuza kichwa amwone mtu wake yuko pale na kikombe. Hilo tu ndilo ulilotakiwa kufanya, Durk. Kukaa.”

“Nilikuwa na zamu.”

“Ya kuchagua jiwe hukuwa na nafasi. Ya kumtupa mbwa ulikuwa nayo.”

Honi ya mashua ililia. Durk alibonyeza, kengele ikaanza kupiga, ile kengele ya daraja inayosikika mpaka kanisani, vizuizi vikashuka barabarani.

Aukje alipaza sauti juu ya kengele. “Na wewe ndivyo ulivyo, mambo yakiwa mazito unatoka. Unakwenda kunywa kahawa. Siku ile pia ulikwenda kunywa kahawa.”

Maneno hayo aliyatunza kifuani tangu hospitali. Alikuwa ameapa kutoyasema. Hiske alivuta pumzi ya mwisho dirisha likiwa wazi, Aukje yuko upande mmoja wa kitanda, na kiti cha upande wa pili kiko kitupu, kwa sababu Durk alikuwa chini kwenye mashine ya kahawa. Aliporudi alikuwa ameshika vikombe vitatu vya karatasi. Vitatu.

Durk hakugeuka. Daraja lilikuwa linanyanyuka. Alichukua ufito wake wenye uzi na kiatu cha mbao, kile ambacho madaraja ya kule hukusanyia ushuru, akafungua dirisha, akakitupa kiatu nje kama mvuvi, kikaning'inia mbele ya mashua iliyokuwa inapita. Mwanamume kwenye usukani, mtalii wa kutoka mji wa mbali, alitumbukiza sarafu.

“Mzee, tumesubiri mpaka tukaota mizizi,” alisema akicheka. “Daraja lilikuwa limelala?”

“Lilikuwa linasikiliza,” alisema Durk.

Mashua ya pili ilikuwa ya mtu wa hapo hapo, fundi wa matanga. Naye alitumbukiza sarafu yake, kisha akashika ule uzi kidogo, asikiachie kiatu kiondoke. “Hatujaonana tangu msiba, Durk. Pole. Alinikatia mbwa wangu kucha mpaka wiki ya mwisho.”

“Ahsante,” alisema Durk. Uzi ukaachiwa.

Hapo ndipo Aukje alipoona. Kengele ilikuwa bado inapiga, kali kiasi cha kumfanya mtu mzima akunje uso, na Wiebe alikuwa ametoka chini ya benchi. Hakutetemeka. Alikuja kwa mwendo wa kawaida mpaka miguuni pa Durk, akakaa, akainua pua. Durk, macho bado mferejini, alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha jibini, akakiteremsha. Wiebe akala. Kengele ikanyamaza, daraja likalala, na mbwa akarudi chini ya benchi.

“Umefanya nini hapo?” Aukje aliuliza.

“Wapi?”

“Hapo. Jibini.”

Durk alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine. “Alikuwa anaogopa kengele. Siku za kwanza alijikojolea. Nikawa nampa kidogo ikilia. Sasa hata nikisahau anakuja kunikumbusha.”

“Nani alikufundisha?”

“Nifundishwe kumpa mbwa jibini?”

“Wewe mjinga,” alisema Aukje, na sauti ikamkatika, jambo lililomkasirisha upya. “Wewe mjinga kabisa, shemeji. Mbwa keshakunywa kahawa. Umemnywesha hapa, kila siku, na kengele inayoamsha maiti. Halafu unaniambia hakufai. Unampeleka Drenthe.”

Durk aliketi. Kiti kilikuwa kimoja tu na benchi lilikuwa la mbwa, hivyo Aukje alibaki amesimama, na Durk alionekana mdogo chini ya kofia.

“Nilifika mlangoni pa saluni,” alisema. “Nilitaka kukaa. Yule mama akafungua, nikaona vikombe. Kikombe chake kipo vile vile, na ile gundi niliyompakia mimi.” Alikuwa mtu wa kusema maneno machache, na sasa ilikuwa kama anayatoa moja moja kisimani. “Nikasema kahawa. Miguu ikatoka yenyewe.”

“Na hospitali?”

“Alinituma.”

“Nani?”

“Yeye. Wewe ulikuwa dirishani, unalifungua, lilikuwa limekwama. Alikuwa amenishika mkono. Akauachia. Akasema, Durk, nenda kanywe kahawa.” Alivua kofia, akaitazama ndani. “Nilidhani na yeye anataka. Ndiyo maana nilichukua vitatu.”

Hasira ya Aukje ilikuwa bado imejaa, lakini haikuwa tena na pa kumwagikia. Kwa Durk haikuingia. Akaigeuza kwa Hiske, aliyejua alichokuwa anafanya, aliyejua sikuzote ni lini kiumbe kimechoka kushikwa, na aliyemfanyia mumewe vile alivyofanyia watoto wa mbwa, bila kumwambia mtu. Angeweza kusema. Nusu ya neno, kama alivyosema Marloes, na nusu nyingine kaondoka nayo mfukoni.

“Nipe kahawa,” alisema.

Durk alimtazama.

“Ya kweli. Ya kunywa. Na mimi nitakaa chini hapa, na wewe utakaa hapo, na hatoki mtu.”

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, magoti yakilia. Alichomoa kitana kutoka mfuko wa shati lake la kazi, akakiweka sakafuni katikati, kati ya benchi na kiti cha Durk, kisha hakukigusa tena. Wiebe alikitazama. Alikitazama sana. Durk alimimina kutoka kwenye chupa yake ya moto, kikombe kimoja na kifuniko kimoja, akampa Aukje kikombe. Kisha akafungua kabati la chini, akasukuma ramani na glavu pembeni, akatoa kopo la biskuti la Hiske, lile la bluu lenye vinu vya upepo vilivyofutika.

“Sijalifungua,” alisema. “Tangu siku ile.”

“Zitakuwa zimelainika.”

“Labda.”

Alifungua. Zilikuwa zimelainika. Walichukua moja moja, wakala, na ladha ilikuwa ya kabati.

Honi ililia mferejini. Durk alinyanyuka, akabonyeza, kengele ikaanza. Chini ya benchi pua ndefu ilitokeza. Wiebe alikiona kitana njiani. Alisimama, mguu mmoja juu. Aukje alitazama kikombe chake, si mbwa, na alishika pumzi kama alivyokuwa akiishika mezani na dada yake upande wa pili. Kengele iliendelea. Mbwa alinyoosha shingo, akanusa meno ya kitana, akapiga chafya, akakiruka, akaenda kwa Durk kudai chake.

Durk alimpa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, aliteremsha vidole viwili, akaushika mguu wa mbele wa Wiebe, mguu mweusi ulionyolewa, mdogo kama kidole gumba, na kabla mbwa hajaacha kutafuna, akauachia.

Aukje aliuma midomo.

“Kesho nitapiga simu Drenthe,” Durk alisema akiwa amempa mgongo, anasukuma kiatu cha mbao nje ya dirisha. “Niwaambie haji.”

“Wapigie leo.”

“Leo basi.”

“Na jiwe utakwenda kuchagua mwenyewe. Mimi nimeona mawe manne na yote mabaya. Na Alhamisi unamleta Wiebe saluni, unakaa kwenye benchi, kikombe kile cha Hiske utakinywea wewe. Na Marloes atakuwepo, kwa sababu itabidi nimwombe arudi, na atanisema mpaka masikio yaungue, na nitanyamaza. Bado nimekasirika, shemeji. Usidhani yamekwisha.”

“Naona.”

“Nimekukasirikia wewe, na yeye zaidi.”

“Na mimi pia,” alisema Durk. “Yeye zaidi.”

Daraja lilishuka, vizuizi vikanyanyuka, baiskeli zikavuka. Durk alirudi kwenye kiti. Kopo lilikuwa kwenye goti lake na kifuniko mkononi, na Aukje alikiangalia kile kifuniko kama mtu yeyote wa kule anavyokiangalia, tayari kunyanyuka. Durk alikigeuzageuza. Kisha akainama, akakiweka sakafuni chini ya kiti, mbali, na kulisogeza kopo likiwa wazi upande wa Aukje.